Farasi wa hanta, mbio za nyika na mchanga wa Nyali

SWALI: Farasi wangu ana miaka 9, amehasiwa, na amezoea mashindano ya hanta (kuruka viunzi uwanjani, farasi akihukumiwa kwa mtindo na utulivu wake). Mita 1 anairuka bila kusita. Nataka aingie iventingi bara (mashindano ya dresaji, mbio za nyika zenye magogo na maji, na kuruka viunzi) baada ya miezi mitatu. Nimeambiwa kilichobaki ni kasi tu: nimkimbize ufukweni kila asubuhi apate pumzi, tena nimtie lijamu kali (chuma cha mdomoni) asinishinde. Nianzie wapi? – Msomaji, Nyali

JIBU: Dada, anzia kwa kuacha hizo mbio za ufukweni. Leo hii.

Mchanga mkavu wa juu, maji yasikofika, unazama. Misuli hujichosha kung'oa kila ukwato, na ikishachoka mzigo unaziangukia kano za nyuma ya miguu ya mbele. Kano ikichanika ni mapumziko ya miezi 9 hadi 12, na mara nyingi hairudi ilivyokuwa. Kule chini, maji yakipwa, mchanga ni mgumu: unafaa kwa kutembea na matiti (mwendo wa farasi wa kukimbia polepole), lakini shoti (mwendo wa kurukaruka, wa kasi kuliko matiti) hapo ni kugonga viungo bure. Tena ufukwe una mwinamo, kwa hiyo njia uliyoendea ndiyo urudie, miguu ya upande mmoja isibebe yote.

Na nani kasema kilichobaki ni kasi? Mbio za nyika za ngazi ya chini huenda mita 350 hadi 450 kwa dakika. Hiyo si shoti ya kutoa macho. Tatizo la farasi wa hanta ni kwamba amelelewa kwenye uwanja tambarare, mdundo mmoja, na mpandaji anayemhesabia hatua. Akigusa kiunzi, kinaanguka. Gogo la nyika halianguki. Akiligonga kwa kifua, anayeanguka ni yeye, na wewe uko chini yake. Lazima ajifunze kujiangalia mwenyewe kwenye mteremko, na anapotoka juani kuingia kivulini.

Kwa hiyo sahau ile mita 1. Mpe magogo ya sentimita 40 hadi 60, kwa matiti, nyuma ya farasi mtulivu anayejua kazi. Kisha mtaro mwembamba, kisha kingo za udongo: kupanda kwanza, kushuka baadaye. Maji mfundishe kwenye dimbwi lililobaki bahari ikipwa, siku za maji mafu (bahari isipojaa wala kupwa sana), si penye mawimbi yanayomfukuza miguuni. Chini pawe imara, kina kisifike magoti, aingie akitembea na atoke akitembea. Saisi asisimame nyuma na fimbo: akiingizwa kwa kipigo, atakachokumbuka ni kipigo.

Pumzi nayo hujengwa kwa vipimo. Wiki nne za kutembea na matiti, penye vilima ukivipata. Baadaye, mara mbili kwa wiki, vipande vitatu vya shoti ya taratibu, dakika 4 kila kimoja, na dakika 3 za kutembea katikati. Alfajiri, kwa joto letu hili. Ukimaliza mmwagie maji baridi mfululizo, mwili mzima. Wanaosema maji baridi yanakaza misuli wanamwacha farasi achemke. Kipimajoto kikisoma 40 na hakishuki baada ya dakika 10 za maji, mwite daktari.

Dresaji (mtihani wa utiifu na mwendo uwanjani) ni mazoea tu: duara za mita 20, hatamu zishikwe sawasawa badala ya kuning'inia kama kwenye hanta. Lijamu kali waachie wenyewe. Litamfanya anyanyue kichwa mbele ya gogo asilione, na dresaji ya ngazi zako hairuhusu ila la kawaida.

Kinachonikera zaidi ni wauza sindano za "kuongeza pumzi". Mara nyingi ni dawa ya maumivu tu, kama fenilibutazoni, ambayo imepigwa marufuku mashindanoni chini ya kanuni za kimataifa. Haitibu kano, inainyamazisha, na farasi anakimbilia mguu uliokwisha kuumia. Anayekuchomea bila kuushika mguu si daktari, hata akivaa koti jeupe.

Kila asubuhi, kabla ya tandiko, pitisha kiganja nyuma ya miguu ya mbele, kulia na kushoto. Ukihisi joto au uvimbe upande mmoja, siku hiyo hapandwi: maji baridi dakika 20, kisha daktari mwenye mashine ya kupiga picha ya kano. Miezi mitatu nayo haitoshi. Weka sita.