Shangazi, masta imenishinda na maombi yamekauka, nirudi zangu Njombe?

Barua ya wiki hii imetoka kwa dada mmoja yuko Morogoro, ilikuwa ndefu kweli kweli nimeipunguza, ila hakuna cha maana nilichoacha:

"Shangazi shikamoo. Nina miaka 29, nyumbani Njombe, nimefanya kazi ya ugani, kuwashauri wakulima, miaka minne ndo nikapata ruhusa ya masomo nikaja Moro kusoma masta. Nimelelewa KKKT, kanisa la Kilutheri, kwaya ya vijana nilikuwa sauti ya kwanza. Tangu nifike huku sijakaa sawa. Darasani wenzangu wametoka digrii moja kwa moja wanajua kila kitu cha kompyuta, mi test ya takwimu nimepata 41. Supavaiza nimemtumia email tatu kimya. Nimezunguka makanisa manne hakuna linalofanana na la kwetu, siku hizi Jumapili naangalia ibada ya usharika wetu laivu kwenye simu nikiwa kwenye godoro, bando likiisha nalala. Kila mwisho wa mwezi napanda basi narudi nyumbani. Wiki ya test nilifunga siku tatu kavu, hata maji sikunywa, nikaanguka bafuni. Rafiki akanipeleka kwa mtumishi mmoja akasema kuna mlango wangu umefungwa, nitoe laki mbili aufungue, nimeshampa elfu themanini. Nimesimamia Yeremia 29:11 lakini naona Mungu amekaa kimya. Mama mwenye nyumba ni Muislamu, ananigongea na chakula najifanya nimelala. Najipa moyo ni miaka miwili tu itapita. Shangazi, niache chuo?"

Marahaba mwanangu, na kamwene pia, salamu ya kwenu, maana najua ni muda hujaisikia mtaani.

Swali lako nalijibu mwanzoni kabisa usije ukasoma huku roho iko juu: usiache chuo, sio sasa. Ntakwambia kwa nini, ila kwanza unisikilize kuhusu huo mwili wako kabla hatujafika kwenye mambo ya rohoni.

We umetoka Njombe, mji uko juu karibu mita 2,000, asubuhi mtu anatoka na sweta na chai ya moto mkononi, umeshuka Morogoro ambako ni kama mita 500 tu, usiku shuka yenyewe inakera na mbu wanaimba. Hulali vizuri, huli vizuri, halafu juu yake unafunga kavu siku tatu kwenye joto lile wiki ya mtihani, sasa ulitegemea kichwa kikumbuke fomula gani? Hiyo 41 mi siilaumu akili yako, kwanza nashangaa uliipataje. Kasome Wafalme wa Kwanza sura ya 19, Eliya alipochoka akaenda jangwani akakaa chini ya mti akaomba afe. Malaika alipokuja hakumhubiria, alimwamsha akamwambia ale, kulikuwa na mkate na maji, akala akalala tena, akaamshwa mara ya pili akaambiwa ale tena maana safari ilikuwa bado ndefu. Mazungumzo na Mungu yalikuja baadaye kabisa huko Horebu, mtu akiwa ameshashiba na ameshalala. Kwa hiyo kufunga kavu achana nako hadi semista iishe, na feni nunua, hata ile ndogo ya mezani.

Haya sasa tuje kwenye Yeremia 29:11, ule wa Mungu anatuwazia mawazo ya amani. Yani huo mstari wapendwa tumeuchapa kwenye tisheti, kwenye vikombe, kwenye stetasi, ila ukimuuliza mtu mstari wa 4 hadi wa 10 unasemaje anabaki anakutolea macho. Mwanangu, sura ile ni barua. Yeremia yuko Yerusalemu anawaandikia watu waliochukuliwa mateka Babeli, watu waliotolewa kwao wakapelekwa mji wasioujua lugha wala chakula, na wote wanawaza kitu kimoja tu, tunarudi lini. Na kabla ya kuwaambia habari ya mawazo ya amani anawaambia mambo ambayo we hujayafanya hata moja: jengeni nyumba mkae ndani yake, pandeni bustani mle matunda yake, oeni (hilo la kuoa sikusemi leo, najua shangazi zako wa damu wanalisema vya kutosha), halafu mstari wa 7 anawaambia utakieni amani huo mji mlioko na muuombee, maana amani yake ndo amani yenu. Baada ya hapo wanaambiwa watakaa miaka 70. Ndo unafika mstari wa 11.

Na sasa rudi nyuma sura moja, ya 28. Kulikuwa na nabii anaitwa Hanania kutoka Gibeoni, yeye alisimama hekaluni mbele ya watu wote akasema msiwe na wasiwasi, ndani ya miaka miwili kila kitu kinarudi. Miaka miwili! Watu bila shaka walimpenda sana, nani hapendi kuambiwa itapita tu vumilia kidogo. Kumbe Mungu hakumtuma na mwaka ule ule alikufa. Sasa barua yako imejaa Hanania mwanangu. "Ni miaka miwili tu itapita." Kwa hiyo kitanda hujanunua, pazia sina hakika kama lipo, kanisa hujachagua, jirani humfungulii, kila mwisho wa mwezi uko ndani ya basi unapanda mlima Kitonga kurudi nyumbani, zaidi ya kilometa 500 kwenda na nyingine hizo hizo kurudi, Jumatatu unaingia darasani macho mekundu. We Morogoro hujahamia bado, umekuja kusubiri. Halafu unashangaa kwa nini Mungu hujamsikia huko wakati kila anapopita mtaani kwenu we uko Njombe kwenye simu.

Yule mtumishi wa laki mbili sitamsema sana maana barua hiyo hiyo ya Yeremia, mstari wa 8, imeshamsema: manabii na waaguzi walioko kati yenu wasiwadanganye. Kwa nini hilo onyo limewekwa pale? Kwa sababu mtu aliye ugenini mwenye hofu ni rahisi sana kumuuzia kitu. Hakuna mlango uliofungwa, kuna test ya takwimu hukuisomea vizuri kwa sababu ulikuwa na njaa. Elfu themanini imekwenda usiifuatilie, ila hiyo laki na ishirini iliyobaki usithubutu kuitoa, akikupigia usipokee, akikutisha kwamba laana itakurudia mwambie umebatizwa. Na huyo rafiki aliyekupeleka simtukani, pengine na yeye ana shida zake alitaka kukusaidia, lakini kwa mambo ya maombi usiongozane naye kwanza.

Kuhusu kanisa. Umezunguka manne ukitafuta la Njombe na hutalipata, Njombe iko moja. We ni mlutheri na Morogoro KKKT ina dayosisi yake na sharika ziko mjini na pembezoni, chagua ule wa karibu na unapolala, wa karibu nasema, sio wenye kwaya nzuri kuliko zote. Mpigie mchungaji wako wa nyumbani akuandikie barua ya utambulisho uipeleke ofisini katikati ya wiki sio Jumapili kwenye msongamano, uandikishwe, upewe bahasha yako kama msharika, na uulize ulipopanga ni jumuiya ipi na wanasali siku gani nyumbani kwa nani. Hapo kwenye jumuiya ndo penyewe. Ibada ya Jumapili unaweza kwenda mwaka mzima ukaingia na kutoka kama upepo hakuna atakayejua jina lako, lakini jumuiya ya watu kumi na kitu sebuleni kwa mtu usipoonekana mara mbili kuna mama atakuja kukugongea.

Na Jumapili ikiisha usikimbilie bodaboda. Unajua mwenyewe pale nje panakuwa na mnada wa vitu vilivyotolewa sadaka, mtu ameleta kuku, mwingine mayai, mwingine ndizi, miwa, machungwa yamefungwa kwenye mfuko. Kaa. Nunua hata fungu la mchicha la elfu moja, mnadishaji akiuliza nani huyo mgeni amechukua mchicha, ukisema jina na kwenu Njombe basi ujue kabla hujafika getini utakuwa umeshaambiwa kuna mama Sanga au mama Mgaya fulani na yeye wa huko huko, anakaa Kihonda, anauza viazi. Nimekuwa nje ya kwetu maisha yangu mengi na sijaona njia rahisi kuliko hiyo ya kupata ndugu.

Najua utasema mbona fellowship ya chuo ipo. Ipo na ni nzuri, nenda ukipenda, ila kwa hali yako mi nakupeleka kwanza mtaani maana chuoni hata baada ya maombi stori zinarudi kwenye GPA na nani amefaulu, na wale wengi ni vijana wa miaka 20 na kidogo utajiona shangazi kabla ya wakati. Kwenye usharika kuna wastaafu, kuna mafundi, kuna wamama wa mbogamboga, hakuna anayejali umepata 41 au 91, watakachokuuliza ni unaimba sauti gani. Na hapo ndo ujibu sauti ya kwanza. Kwaya inataka mazoezi jioni mara kadhaa kwa wiki, utaniambia huna muda, mwanangu muda wa kulia kwenye godoro umeupata wapi?

Halafu mama mwenye nyumba. Hapa nimekasirika kidogo nikwambie ukweli. Mtu anakupikia, anatoka na sahani mkononi, anagonga, we unazima taa? Unasali Mungu akuletee faraja, faraja imekuja imevaa mtandio imesimama mlangoni na wali nazi na we unajifanya umelala! Mfungulie. Kula. Rudisha sahani na kitu ndani yake, hata maparachichi mawili ya kwenu, sahani hairudi tupu unajua. Kaa naye barazani jioni kwenye upepo unaoshuka milima ya Uluguru, muulize soko lipi bei nzuri, muulize habari ya wanawe. Mtu anayeamshwa na adhana alfajiri akasimama kusali na mtu anayeamka saa hiyo hiyo kusoma zaburi wana mengi ya kuongea kuliko unavyodhani, na hakuna anayekuomba ubadili dini kwa sahani ya wali. Ule mstari wa kuutakia mji amani mi naamini unaanzia mlangoni hapo hapo, haukusema uwatakie amani walutheri wenzako wa huo mji.

Darasani. Hao watoto wanajua kompyuta, sawa, wamezikalia juzi tu. We umekaa na wakulima miaka minne, unajua kwa nini mkulima akipewa mbegu mpya anapanda robo ya shamba tu na si shamba zima, hilo hakuna programu itakayowaambia. Tafuta wawili watatu muwe na kundi la kusoma, wao wakufundishe hizo takwimu hatua kwa hatua kwenye laptopu yako mwenyewe (usikubali wakufanyie, wakufundishe), we uwasaidie pale asaimenti inapouliza mambo ya shambani. Mzigo mbebe pamoja. Na uombe kabla ya kusoma, dakika tano zinatosha, halafu usome masaa mawili. Ukigeuza hesabu hiyo, masaa mawili ya maombi na dakika tano za kusoma, matokeo umeshayaona.

Kuna jambo moja hukuliandika ila nimelinusa. Kama kuna usiku unawaza bora usiamke, au wiki inapita hutaki kuoga wala kula wala kuongea na mtu, hilo sio la kungoja Jumapili, nenda ofisi ya mlezi wa wanafunzi au hospitali uwaambie hivyo hivyo bila kupamba, na mchungaji mwambie pia. Kwenda kwa daktari hakupunguzi imani hata chembe.

Kurudi Njombe kila mwezi punguza, semista hii nenda mara moja tu, nauli hiyo ikanunue kitanda na feni. Mama yako mwambie ukweli kwa simu, usimwambie "namshukuru Mungu naendelea vizuri" huku umeanguka bafuni. Semista ikiisha, ukiwa umekaa Moro kweli kweli, umelala, umekula, una jumuiya, kama bado unaona hapana basi ongea na mwajiri wako na chuo kuhusu kuahirisha mwaka, utaratibu wa kuahirisha upo na ni tofauti kabisa na kutoroka. Nami niandikie tena hapo.

Mwisho supavaiza. Email ya nne usitume. Maprofesa wengine email zao ni bahari, yako imezama haijadharauliwa. Nenda ofisini kwake asubuhi, muulize sekretari anapatikana siku gani, urudi siku hiyo na karatasi moja tu imechapwa: jina lako, wazo la utafiti kwa mistari mitano, na maswali mawili unayotaka akujibu. Usiingie na machozi na usiingie na kurasa 30. Akikupa tarehe iandike mbele yake, ukitoka hapo mtumie ujumbe mfupi wa kumshukuru na kumkumbusha mlichokubaliana, na siku ikifika uwe mlangoni hata kama hajakujibu.