Kidonda Kisichopona kwa Mwenye Ualbino: Usiache Miezi Ipite

Mimi na dada yangu tulizaliwa na ualbino, tukalima shamba moja chini ya jua lile lile. Yeye tulimzika akiwa na miaka 34. Mimi nimekatwa saratani ya ngozi mara mbili, na bado nipo.

Kidonda cha dada kilianza kama kigamba nyuma ya sikio, kidogo kama punje ya mtama. Kitana kikikigusa kinatoa damu, kisha kinakauka. Zahanati walimpa dawa ya kupaka, shangazi akaleta mizizi, miezi ikapita. Tunamfikisha hospitali ya rufaa, nusu ya sikio imeliwa na tezi za shingo zimevimba. Daktari alizipapasa, akanyamaza kidogo. Hapo nikaelewa.

Saratani inayotupata zaidi sisi wenye ualbino huanzia tabaka la juu la ngozi: usoni, masikioni, mdomoni, shingoni. Kwa kawaida haina haraka ya kusambaa. Ikikatwa ingali ndogo, na kingo zote za kilichokatwa zikawa safi, hazina saratani, wengi hupona kabisa. Ikishazama hadi kwenye mfupa au tezi, hapo vita ni vingine. Na mwenye kinga dhaifu, kwa mfano anayeishi na VVU, asisubiri hata kidogo.

Dada aliandikiwa mionzi ya wiki 6, Jumatatu hadi Ijumaa. Alipata wiki 2 tu. Hakukata tamaa, hela ya kulala mjini iliisha, na watoto walikuwa peke yao nyumbani. Kwa hiyo ukimpeleka mgonjwa, uliza siku ile ile ya kwanza: matibabu ni ya siku ngapi, atalala wapi, nani atabaki na watoto? Ndugu wachange kabla hajaanza.

Changu kilitokea mdomo wa chini. Wiki ya 4 bila kupona nikaenda, wakakata kinyama cha kupeleka maabara, nami nikafuatilia majibu hadi nikayashika mkononi. (Wengi wakishakatwa kinyama hudhani wametibiwa, hawarudi tena.) Hadi leo sikosi kliniki ya ngozi, vigamba vipya huunguzwa kwa baridi kali ya naitrojeni kabla havijageuka saratani.

Kila Jumapili asubuhi mke wangu hunimulika kwa tochi ya simu: nyuma ya masikio, kisogoni, chini ya kola. Binti wa marehemu dada, naye ana ualbino, husubiri zamu yake nyuma yangu, kofia pana mkononi, usoni keshajipaka Kilisun, yale mafuta ya kukinga jua yaliyoanzia hospitali ya KCMC, Moshi.