Jibu: Bakteria kwa maji machafu ya kiwanda cha jibini

Mkuu, umeuliza kama ununue zile pakiti za bakteria umwage kwenye shimo la kiwanda chako cha jibini ili harufu iishe. Weka hela mfukoni kwanza. Kinyesi kibichi cha ng'ombe kimejaa vijidudu wanaotengeneza methani (gesi inayowaka), na ni bure. Shida yako ni uchafu, ambao ndio chakula chao, kuwazidi. Yale maji yanayobaki baada ya kugandisha maziwa yana uchafu karibu mara mia ya maji taka ya nyumbani, na yakichacha, asidi inawalemaza haohao wa methani. Uvundo unaanzia hapo.

Hayo maji ya maziwa wape wafugaji wa nguruwe, watayagombania. Shimoni yaende maji ya kuoshea vyombo tu, yakipitia chemba ya kunasa mafuta. Klorini, dawa ya kuua vijidudu, isiingie kabisa. Funika shimo, weka bomba la kutolea gesi (na sigara mbali!), pH (kipimo cha uchachu) ibaki karibu na 7, ikishuka, weka chokaa kidogo. Anza na maji machache, ongeza taratibu kwa wiki kadhaa, maana hawa vijidudu wa methani huzaliana polepole mno. Yakitoka humo bado si safi: yapitishe bwawa la wazi, bakteria wanaotumia hewa wamalizie.