Nimekwama Walawi Sura ya 13

Safari hii safu yetu ya maswali imepokea barua mbili zinazogusa jambo moja: namna Mkristo anavyoweza kujiwekea malengo ya kukua kiroho. Moja imetoka Kirumba jijini Mwanza, na nyingine imetoka katika kambi ya wavuvi kisiwani Ukerewe. Majina ya walioandika tumeyahifadhi kama walivyoomba.

SWALI: Mwinjilisti, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mama wa miaka 38, nauza dagaa Mwaloni Kirumba. Katika mkesha wa kuingia mwaka mpya tuliambiwa kila mmoja aandike malengo yake ya kiroho, nami niliandika saba: kusoma Biblia nzima ndani ya mwaka, kuomba saa nzima kila alfajiri, kufunga kila Ijumaa, kutoa zaka bila kukosa, kumleta mtu mmoja kwa Yesu kila mwezi, kuacha hasira, na kuwa mtu wa msamaha. Mwezi wa pili ulipoanza nilikuwa nimefika Mambo ya Walawi sura ya 13, ile ya ukoma, na tangu siku hiyo Biblia sijaifungua. Maombi ya alfajiri yamenishinda kwa sababu huo ndio muda ambao mzigo wa visiwani unashushwa, na anayechelewa hupata dagaa waliochanganyika na mchanga. Lile la msamaha niliandika nikimfikiria wifi yangu wa Igoma, ambaye hatujasalimiana tangu mwaka juzi kwa ajili ya fedha za magunia mawili. Rafiki yangu tunayeabudu naye ananiambia kuwa malengo ni mambo ya makampuni, na kwamba Roho Mtakatifu hapangiwi ratiba. Je, nimekosea kujiwekea malengo? Nisameheni kwa barua ndefu. Nikiri pia kwamba sado ninayopimia rejareja imebonyea kitako, na jambo hilo sikuliandika kwenye orodha.

JIBU: Amina, binti yangu. Nianze na rafiki yako, maana neno lake si la kupuuzwa. Ni kweli kwamba kukua ni kazi ya Mungu, na Paulo aliwaambia Wakorintho waziwazi kwamba yeye alipanda, Apolo akatia maji, lakini mwenye kukuza ni Mungu. Hata hivyo, katika sentensi hiyohiyo yupo aliyepanda na yupo aliyetia maji. Bwana Yesu naye, katika Marko sura ya 4, anamtaja mtu aliyemwaga mbegu, akawa analala na kuamka, mbegu ikamea yeye asijue ilivyomea. Wakulima wa pamba wa Magu na Kwimba wanaielewa habari hiyo kuliko mimi: hakuna anayeuvuta mche ili urefuke, lakini pia sijamwona anayekaa barazani mvua za kwanza zikinyesha, jembe limeegemezwa ukutani, akisema kwamba Mungu ataotesha. Kwa hiyo kujiwekea malengo si kosa. Paulo huyohuyo aliwaandikia Wafilipi kwamba hajafika bado, na kwa sababu hajafika ndiyo maana anakaza mwendo.

Ninayemwogopa mimi ni mtu mwingine, yule Farisayo wa Luka sura ya 18. Alifunga mara mbili kwa juma na kutoa zaka katika mapato yake yote, kwa hiyo kama angekuwa na orodha kama yako angeiweka alama ya vema kila mstari, kisha akarudi nyumbani bila kuhesabiwa haki, huku mtoza ushuru asiyekuwa na orodha yoyote akirudi na haki yake. Sisemi kwamba kuhesabu ni dhambi. Wanafunzi walipovuta jarife lao ufuoni katika Yohana 21, kuna mtu aliyekaa akahesabu samaki 153, nami sisomi popote kwamba alikemewa. Ninachosema ni kwamba hesabu hupima mazoea, na mazoea ni jembe tu. Ukishajua hivyo, utaweza kuhesabu sura na siku bila kujisifu ukifanikiwa na bila kukata tamaa ukikosa.

Sasa tuitazame orodha yako. Biblia inayotumiwa na makanisa ya Kiprotestanti ina sura 1,189, na anayetaka kuimaliza kwa mwaka hana budi kusoma zaidi ya sura tatu kila siku, akiwa mzima au mgonjwa, biashara ikiwa nzuri au mbaya. Mwanzo ina sura 50 na Kutoka 40, kwa hiyo msomaji mwaminifu huingia Walawi mwishoni mwa Januari, na sura ya 13 yenye aya 59 za vipele na mabaka humkuta palepale ambapo ari ya mkesha imekwisha na ada za shule zimekwishalipwa kwa mkopo. Hukukwama peke yako. Nadiriki kusema kwamba Wakristo waliosoma Walawi 12 ni wengi kuliko waliosoma Walawi 14. Iache kwanza, utairudia. Agano Jipya lina sura 260. Ukisoma sura moja kwa siku tano za juma, majuma 52 yanakutosha kabisa, na kila juma linakubakizia siku mbili za kufidia ulizokosa. Hata hivyo, nisingekuanzishia huko. Ningekuanzishia Waraka wa Yakobo, ambao una sura tano tu, moja kwa kila siku kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, ukaurudia kwa mwezi mzima. Utakutana na ulimi katika sura ya 3, na katika sura ya 5 utausikia ujira wa vibarua uliozuiliwa kwa hila unavyolia, jambo ambalo mtu mwenye wabebaji na wachekechaji wa dagaa anapaswa kulisikia zaidi ya mara moja.

Kuhusu maombi ya saa nzima alfajiri, nikusimulie yangu. Miaka ile nilipokuwa kijana niliandika katika daftari kwamba nitaamka saa kumi usiku kila siku na kuomba mpaka kupambazuke. Siku tatu za kwanza nilifaulu. Siku ya nne mke wangu alinikuta nimeinama juu ya mkeka, nimelala fofofo, na nilipoinuka paji la uso lilikuwa limechorwa alama za ukili. Alicheka mpaka akaketi. Nilipunguza muda ule ukawa robo saa baada ya chai, na robo saa hiyo nimeishika hadi leo. Bwana Yesu aliamka alfajiri na mapema sana akaenda mahali pasipokuwa na watu, ni kweli, lakini mahali pasipokuwa na watu pako wewe si Mwaloni saa kumi na moja. Huenda ni ile saa ya mchana, mzigo ukishauzwa, unapomsubiri mteja wa mwisho ukiwa umekalia ndoo. Danieli aliomba mara tatu kwa siku na alikuwa na kazi ya serikali. Hakuna anayetuambia kwamba kila mara alitumia saa nzima.

Kufunga, zaka na kushuhudia sitavizungumzia kwa kirefu, kwa sababu tayari una mengi mkononi.

Kuna mawili katika orodha yako ambayo hata hayawezi kuitwa malengo. “Kuacha hasira” na “kuwa mtu wa msamaha” ni matunda, na Wagalatia 5 huyaita tunda la Roho kwa sababu hayatengenezwi kwa kukusudia. Mtu hawezi kuamka Jumatano akasema leo nitakuwa mpole, kama vile mwembe hauwezi kuamua kuzaa. Anachoweza ni kufanya tendo. Kwa hiyo futa neno “msamaha” na uandike: “Kabla ya mwezi huu kwisha nitapanda daladala kwenda Igoma kumsalimu wifi yangu.” Hilo lina siku, lina nauli, na jioni utajua kama umekwenda au hukwenda. Ukifika, usianze na magunia mawili. Salimia, pokea kiti, uliza hali za watoto. Habari ya fedha inaweza kungoja safari ya pili, na inawezekana ukagundua kwamba yeye naye ana hesabu yake ambayo hujawahi kuisikia.

Nimeacha sado mwisho, kama ulivyoiacha wewe, ingawa nadhani barua nzima uliiandika kwa ajili yake. Wasomaji wasiofika sokoni waelewe: kitako cha kopo kikigongwa kwa ndani, dagaa hukaa juu ya kilima, na mteja huona kilele kimejaa, haoni kilichopungua chini. Mithali 11 inaanza moja kwa moja na mizani ya hadaa kuwa chukizo kwa Bwana. Binti yangu, uliandika malengo saba ambayo mtu yeyote wa kanisa lenu angeweza kuyaandika, ukaliacha moja ambalo ni lako peke yako. Hilo ndilo la kuanza nalo. Peleka kopo kwa fundi bati akalinyooshe, au nunua jingine, na ufanye hivyo juma hili. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Wewe wateja wako wengi huwajui kwa majina, lakini mama ntilie wanaorudi kila siku unawajua, na hao unaweza kuwaongezea kiganja kimoja juu ya kila sado bila kuwaeleza sababu, mpaka moyo wako utulie. Faida itapungua, usijidanganye kwamba haitapungua.

Kwa miezi mitatu ijayo, basi, baki na mambo matatu tu: sado, Igoma na Yakobo. Mtafute mtu mmoja atakayekuuliza kila juma umefikia wapi, na asiwe kikundi kizima cha kanisa, maana mbele ya kundi watu hupenda kutoa ushuhuda kuliko kutoa hesabu. Ningemchagua yule mama anayeuza meza ya jirani, hata kama anasali kanisa jingine, kwa kuwa yeye kopo analiona.

SWALI: Shikamoo Mwinjilisti. Mimi ni kijana mvuvi wa dagaa. Usiku tunakuwa ziwani, mchana tunalala, na kanisa liko mbali na kambi. Kila mafundisho ya kukua kiroho ninayoyasikia yanasema “kila siku asubuhi” na “kila Jumapili”. Nikijipangia hivyo ninakosa, na nikikosa najiona nimerudi nyuma. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hukurudi nyuma, umevaa ratiba iliyoshonewa mwili wa mtu mwingine. Wewe unaishi kwa giza na mbalamwezi. Wakati wa giza taa zenu huwavuta dagaa, na mwezi unapokuwa mkubwa taa hazina nguvu tena, mitumbwi inapumzika na kambi inajaa watu wasiokuwa na kazi, wengine wakiishia kwenye pombe na kamari. Panga malengo yako kwa kalenda hiyo. Waisraeli nao walihesabu miezi kwa mwezi wa angani, na Pasaka yao iliangukia siku ya 14, mwezi ukiwa mpevu. Pasaka yetu nayo huja Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia tarehe 21 Machi, kwa hiyo Juma Kuu huangukia siku za mbalamwezi, na mvuvi wa dagaa anaweza kuwa kanisani kuanzia Alhamisi Kuu bila kupoteza usiku mwingi wa kazi. Sijui kama kuna kazi nyingine yenye upendeleo huo.

Siku za giza jiwekee lengo dogo. Kuna ule muda baada ya kuwasha taa, mnapongoja dagaa wakusanyike kabla ya kuvuta nyavu. Wenzako wakipiga soga, wewe unaweza kurudia moyoni aya moja uliyoishika kabla ya kuondoka ufuoni. Aya moja kwa giza zima inatosha. Siku za mbalamwezi ndizo za kusoma kwa kirefu, kufunga kama afya inaruhusu, na kwenda kanisani hata kama ni mwendo wa saa mbili. Mwombe mwenzako mmoja wa mtumbwini asome pamoja nawe. Akikataa, soma kwa sauti, atasikia tu.

Mbalamwezi ijayo anzeni na Yohana 21, ambayo ina aya 25. Inawahusu watu waliokesha ziwani bila kupata kitu, na kulipopambazuka wakakuta makaa yamewashwa ufuoni na samaki juu yake. Mtaimaliza kabla chai haijapoa.