Wakili wenu anajibu: "Fildi yangu ni kusikiliza stori tu"

SWALI: Dada wakili shikamoo. Mimi nasoma sheria mwaka wa tatu, niko fildi wiki ya nne sasa. Wenzangu wamepata ofisi za mawakili mjini, wengine benki, mimi nimepangwa kituo cha msaada wa kisheria, chumba kimoja nyuma ya ofisi ya kata, feni yenyewe inazunguka ikijisikia. Kazi yangu kuandika majina kwenye daftari na kusikiliza. Yaani mama anaanza kukuelezea alivyoolewa mwaka 1998 mpaka ugomvi wa kuku na wifi yake, saa nzima imeisha sheria sijaiona. Kwenye grupu wenzangu wanatupia picha wamevaa suti, mimi nakaa kimya. Nihame au nivumilie tu logibuku ijae?
Mwanafunzi, Morogoro

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usihame. Na hao wa suti usiwaonee wivu sana, nawajua wanachofanya wengi wao, wanatoa kopi na kupeleka bahasha masjala, sio kazi mbaya ila mteja wanamwona anapita koridoni tu. Wewe mteja unaye mezani na anakusubiri wewe.

Hizo stori unazosema hazina sheria, ngoja nikupe yangu. Na mimi fildi nilifanyia msaada wa kisheria, Dar, miaka hiyo. Akaja mzee mmoja mlinzi, kashika mfuko wa rambo, karatasi zimekunjwa mpaka zimeanza kukatika kwenye mikunjo. Akanieleza bosi wake alivyokuwa mtu wa watu, alivyomkopesha hela mkewe alipolazwa, halafu mtoto wa bosi karudi kutoka masomoni kashika kampuni na mambo yakabadilika, akaachishwa kazi. Nikaandika kurasa tatu safi kabisa, mwandiko mzuri, nikamwambia mzee njoo wiki ijayo wakili atakuwepo. Akasema haya mwanangu, Mungu akubariki.

Wiki ijayo wakili akapokea ule mfuko, stori hata hakuuliza, akachambua akaitoa barua ya kuachishwa kazi, akaangalia tarehe, halafu akaniangalia mimi. Siku mzee alipokaa mbele yangu ilikuwa siku ya 27 tangu aachishwe. Mgogoro wa kuachishwa kazi unatakiwa ufike Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA, ndani ya siku 30. Sasa ilikuwa siku ya 34. Wakili wala hakunifokea, na ndicho kilichoniuma, akanisogezea karatasi tu akasema haya tunaandika maombi ya kuongezewa muda, sababu ya kuchelewa iandike wewe. Jaribu siku moja kuandika sababu ya aina hiyo uone, maana mzee hakuchelewa, aliwahi, aliyemchelewesha ni mimi. Nilikaa na ile karatasi mpaka saa kumi jioni.

Kwa hiyo mtu akikaa mwache aongee kwanza, usimkate, mtu akikatwa anakuletea kile anachodhani unataka kusikia na kile chenyewe anabaki nacho. Akimaliza omba karatasi zote alizonazo hata ambazo yeye anasema hazina maana. Halafu uliza lini. Ulipewa barua lini, ulisaini lini, hukumu ilisomwa lini, marehemu alifariki lini. Tarehe ziandike juu kabisa ya ukurasa kabla ya hadithi, na ukiona siku zinakaribia kuisha usimwambie njoo wiki ijayo, mpigie wakili simu hapo hapo hata kama yuko mahakamani.

Na yule mama wa kuku usimdharau. Hao kuku aliwanunua nani? Waliuzwa, hela ikaenda wapi? Ukiuliza hivyo unaweza kukuta hela ya kuku ndiyo iliyonunua bati la nyumba anayofukuzwa leo, na wifi aliyegombana naye ndiye shahidi pekee aliyeona, hapo sasa sheria si umeiona? Nimeielezea chini kwenye swali la mama wa Tanga, soma na hilo.

Halafu ujue hicho kitu unachokiona kimechoka sio kipya wala cha kubahatisha. Pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kitivo cha sheria kilikuwa na kamati yake ya msaada wa kisheria tangu 1967, walimu na wanafunzi wanasikiliza kesi za watu wasio na uwezo. Leo kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inayotambua mpaka wasaidizi wa kisheria huko vijijini. Hao wasaidizi wa kisheria ukiwakuta hapo kituoni kaa nao karibu, wengi hawana digrii ila wanajua mwenyekiti gani wa mtaa anatoa barua kwa wakati na yupi anakuzungusha, hicho darasani hukipati.

SWALI: Niko mwaka wa nne, nafanya kliniki ya sheria. Mteja wangu ana kesi ya madai mahakama ya mwanzo, ameniomba nisimame naye maana mimi ndiye ninayeijua kesi yake. Pia kaninunulia soda na kunipa 5,000 ya nauli, nimeipokea kwa sababu bumu limeisha. Nimekosea?
Kaka wa Mwanza

JIBU: Kusimama hapana kaka. Kumwakilisha mtu mahakamani ni kazi ya wakili, na uwakili unakuja baada ya shahada, Law School na kuapishwa, kujifanya wakili kabla ya hapo ni kosa la jinai. Hapo mahakama ya mwanzo hata mawakili wenyewe walikuwa hawaruhusiwi mpaka sheria ilipobadilishwa 2021, miaka yote watu walikuwa wanasimama wenyewe. Kwa hiyo mwandae asimame mwenyewe. Kaa naye jioni moja, wewe kuwa hakimu, mwambie aeleze madai yake kwa dakika tano bila kuanzia kwa babu yake, halafu kuwa mdaiwa umbane maswali mpaka akasirike. Mtu akishakasirika kwako, kwa hakimu anatulia. Mpangie na vielelezo vyake kwa mfuatano wa tarehe, kopi na orijino. Siku ya kesi nenda ukakae kwenye benchi la nyuma, akigeuka akuone.

Soda umeshakunywa imeisha hiyo. Ile 5,000 rudisha hata ikibidi ukope kwa rumu meti, huduma hiyo ni bure na yeye ameambiwa ni bure, wiki ijayo atamwambia jirani yake pale ukienda nenda na chochote, na yule jirani asipokuwa nacho hatokuja. Na mwambie msimamizi wako umerudisha, asije akasikia kwa mtu mwingine. Halafu kingine hukukiuliza ila nakiona kila siku, msipige picha nyaraka za mteja mkarusha kwenye grupu la darasa kuulizana "hii inakuwaje", hata ukifuta jina, mji mdogo watu wanajuana.

SWALI: Mwanangu wakili, mimi sio mwanafunzi. Nimeishi na mume miaka 22, sasa kaleta mwenzangu na ananiambia nyumba ni yake kwa sababu mimi nilikuwa mama wa nyumbani tu. Nimeenda msaada wa kisheria nikapewa binti mdogo hata miaka 25 hana, mwanafunzi, kaandika andika tu kwenye daftari. Naogopa nimepoteza haki yangu kwa mtoto.
Mama wa Tanga

JIBU: Shikamoo mama. Hujapoteza, huyo binti anaandika ila faili linapitiwa na wakili, na una haki ya kumuuliza wakili gani anasimamia faili langu na nitamwona lini. Uliza, hawatachukia.

Kuhusu "mama wa nyumbani tu", hilo neno lilishajibiwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983, kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Kazi za nyumbani zinahesabika kama mchango wa kupata mali ya ndoa, kupika, kufua, kulea, kumwezesha mume atoke akatafute. Ila mama nikwambie na upande wa pili ambao watu wakiitaja hiyo kesi wanauruka: Bi Hawa mwenyewe nyumba hakupata, mahakama iliona mume alishampa hela ya kuanzisha mradi wa familia na akaitumia vibaya. Kwa hiyo mume wako akisimama atasema alikupa mtaji. Kama alikupa, mweleze yule binti alikupa lini, shilingi ngapi, ulifanyia nini, kama kiosk kilikufa kilikufaje. Kama hujawahi kupewa, nani anajua? Mtaje.

Na kabla ya talaka mahakamani mgogoro unapitia kwanza baraza la usuluhishi la ndoa, la kata, au BAKWATA kama mmeoana Kiislamu, likishindwa kuwapatanisha linatoa hati ya kusema hivyo, na bila hiyo hati mahakama kwa kawaida inakurudisha. Umeshaenda? Kama bado anza huko wiki hii, na huyo binti mwambie akuandikie kwenye karatasi nini cha kwenda nacho. Cheti cha ndoa kama yeye kakificha, waambie hivyo hivyo kakificha, kopi inaweza kutafutwa. Kwenye nyumba usitoke mama, na vitu vyako vya karatasi vipeleke kwa dada yako leo jioni.