Farasi wa mbio na kodi za Uingereza: kwa wanaoanza kushika hesabu za wafugaji na wamiliki

Mhasibu mgeni anayeingia katika ofisi inayohudumia wafugaji wa farasi wa mbio Uingereza, hasa maeneo ya Newmarket, kwa kawaida hukimbilia kukariri viwango vya kodi, ilhali swali linalotangulia yote ni hili: siku inayohusika, farasi huyu alikuwa wa shamba au wa uwanjani? Shamba la kuzalishia farasi likiendeshwa kibiashara huhesabiwa pamoja na kilimo katika kodi ya mapato, lakini kumiliki farasi anayekimbia huchukuliwa kuwa burudani ya mwenye fedha zake. Ndiyo maana zawadi anayoshinda farasi haimtozi mmiliki kodi ya mapato, na kwa sababu hiyohiyo ada za mkufunzi na za mpandaji haziwezi kupunguzwa katika mapato yake mengine. Hata akimuuza farasi huyo kwa faida, kodi ya faida ya mtaji kwa kawaida haimgusi, kwa kuwa farasi ni mali inayochakaa ambayo uhai wake hautarajiwi kuzidi miaka 50; akimuuza kwa hasara, hasara hiyo haimsaidii popote.

Kazi ngumu huanza mtu mmoja anapokuwa na vyote viwili, na hapo ndipo kila mgeni anapaswa kuijua kesi ya Sharkey dhidi ya Wernher, iliyoamuliwa mwaka 1955 na House of Lords, iliyokuwa mahakama ya juu kabisa ya nchi wakati huo. Lady Zia Wernher alikuwa na shamba la kuzalishia, na pia alikuwa na farasi wa mbio wa kujifurahisha. Akawahamisha farasi watano kutoka shambani kwenda kwenye mbio. Hakuna fedha iliyopita mkono mmoja kwenda mwingine, lakini majaji waliamua kwamba hesabu za shamba zionyeshe bei ya soko ya farasi hao, si gharama ya kuwalea, na kanuni hiyo sasa imo ndani ya sheria yenyewe.

Tuseme mtoto wa farasi jike amegharimu shamba pauni 20,000, na siku anapopelekwa kwa mkufunzi bei yake sokoni ni pauni 60,000. Shamba limepata faida ya pauni 40,000 inayotozwa kodi, ingawa mteja wako hajapokea hata senti, na ni wajibu wako kumweleza jambo hilo kabla farasi hajapakiwa garini. Akishinda mbio kubwa na kurudi shambani kuzaa akiwa na thamani ya pauni 300,000, ataingia vitabuni kwa bei hiyo, na ongezeko alilolipata uwanjani halitozwi. Akirudi kilema mwenye thamani ya pauni 5,000, zile pauni 55,000 zilizopotea hazidaiwi popote. Kwa maoni yangu kanuni hii ni ya haki kuliko wateja wanavyoilalamikia, maana inakata pande zote mbili. Wanaoumizwa nayo zaidi ni wale wasiokuwa na karatasi. Barua ya mtathmini wa kujitegemea iliyoandikwa wiki ya uhamisho ina uzito mbele ya mkaguzi wa kodi kuliko maelezo yanayotungwa miaka mitatu baadaye. Kumbukeni pia kwamba farasi wa umri huo mara nyingi hajapewa jina, anatajwa kwa jina la mama yake tu, kwa hiyo hakikisheni namba ya chipu iliyomo katika pasipoti yake ndiyo iliyomo katika barua ya thamani na katika daftari la shamba.

Kuhusu hasara, shamba linaloendeshwa kibiashara kwa nia ya faida linaweza kupunguza hasara yake katika mapato mengine ya mwenyewe, lakini mkulima wa kawaida akipata hasara miaka mitano mfululizo, ya mwaka wa sita huzuiwa na kusubiri faida ya baadaye ya shamba hilohilo. Kwa farasi wa Thoroughbred, yaani aina inayofugwa kwa ajili ya mbio, HMRC, yaani mamlaka ya mapato ya Uingereza, hukubali muda mrefu zaidi, hadi miaka 11 tangu shamba lianze. Sababu ni ya kimaumbile: uhimilishaji, yaani kupandisha jike kwa mbegu bila dume, hauruhusiwi, jike hubeba mimba takribani miezi 11 na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja, mtoto huyo hakimbii kabla ya umri wa miaka miwili, na thamani ya mama haithibitiki mpaka watoto wake waonekane uwanjani. Hata hivyo miaka 11 si likizo. Mpango wa biashara unaofanyiwa marekebisho kila mwaka, pamoja na uamuzi wa kuwauza majike wasiozaa vizuri, ndivyo vinavyoonyesha nia ya faida.

Ununuzi mnadani nao una mtego wake mdogo: Tattersalls, kampuni ya minada ya farasi, bado huuza kwa gini, yaani pauni 1 na peni 5, kwa hiyo jike wa gini 50,000 ni pauni 52,500 kabla ya VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani.

VAT yenyewe ina mpango maalumu wa wamiliki, ulioanza mwaka 1993, unaomruhusu mmiliki kujisajili na kurudishiwa kodi aliyolipa katika ununuzi na ukufunzi, mradi anatafuta mapato ya kibiashara kama udhamini, na yeye naye atoze kodi anapopokea udhamini au anapomuuza farasi. Wateja hufurahi, kisha huuliza kama sasa gharama za mbio zinaweza kuingizwa katika kodi ya mapato. Jibu ni hapana: usajili wa VAT haugeuzi mbio kuwa biashara machoni pa kodi ya mapato, na jibu hilo litolewe kwa maandishi siku mteja anapotia saini fomu ya usajili.