Hizo sahani za karatasi zirudishe dukani

Ndugu unayetaka kufundisha "vinyago vya Afrika" darasa la nne huko Marekani ifikapo Februari, usilifundishe somo hilo. Ulipotaja sahani za karatasi na manyoya ya rangi za kutengenezea vinyago hivyo nilishtuka, kwa sababu miaka sita iliyopita niliingia darasani Ohio na mzigo huohuo, huku mlangoni nimebandika tamko zuri la kupinga ubaguzi wa rangi.

Somo lenyewe nililinunua kwa mshauri wa mitaala aliyetuendeshea semina ya nusu siku na kutuhakikishia kwamba watoto hulipenda mno. Hakutaja kabila, wala nchi, wala mchongaji. Afrika nzima ilienea kwenye ukurasa mmoja wenye picha ya pundamilia, na kwa hilo alilipwa! Nami ni mtu wa Newala, niliyeona lipiko, kinyago cha ngoma cha Wamakonde, likicheza kabla sijaona runinga: kichwa cha mti mwepesi kilichopachikwa nywele za binadamu, nasi watoto tukikimbilia nyuma ya mama zetu kila lilipotugeukia. Pamoja na hayo nilisimama mbele ya watoto 26 nikiwaelekeza kubandika manyoya ya pinki. Wazee wa jando wakipata habari hii, nitatozwa mbuzi.

Sahani zilipokauka, mvulana mmoja alivaa yake, akaruka na kulia kama nyani mbele ya binti wa Kikongo aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma. Darasa zima lilicheka, na mimi, nakiri, nilitabasamu nikidhani ni mchezo. Binti aliniuliza kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, "Mwalimu, hiki ni cha kabila gani?" Sikuwa na jibu, maana hakikuwa cha kabila lolote. Siku mbili baadaye mama yake alikuja na ile sahani imekunjwa mara nne mkobani, akaiweka mezani na kusema, "Mwalimu, Wazungu ningewaelewa. Wewe?" Kabla ya Machi mtoto alikuwa amehamishwa shule.

Tangu hapo nina sharti moja: kazi isiyo na jina la aliyeiunda, mahali na wakati wake, haiingii darasani kwangu, na jina la msanii lisipojulikana, basi watu wake wajulikane, na kazi ilitumikaje. Kila Februari mimi hufundisha kazi ya Jacob Lawrence, mchoraji Mmarekani Mweusi, ambaye mwaka 1941, akiwa na miaka 23, alikamilisha vibao 60 kuhusu Wamarekani Weusi waliohama Kusini kwenda miji ya Kaskazini, kama walivyohama wazazi wake. Alipaka rangi moja kwenye vibao vyote kabla ya kugusa nyingine, ndiyo maana rangi za kibao cha kwanza ni zilezile za cha mwisho. Watoto wangu hufanya vivyo hivyo kwa vikundi, kopo moja la rangi kwa siku, kila mmoja akichora safari ya familia yake. Lipiko husubiri Aprili, pamoja na ramani ya mto Ruvuma na habari za Wamakonde, wala hakuna mtoto anayelivaa.

Uliuliza pia bei za rangi na namna ya kumwandikia mkuu wa shule tamko. Hayo wengine watakujibu. Mimi nataka kujua tu kama risiti ya hizo sahani ungali nayo.